Betri ya Marehemu, Moyo wa Mbwa



Mei 7, 1958, katika hospitali ya maveterani mjini Buffalo, Marekani, madaktari wa upasuaji William Chardack na Andrew Gage waliunganisha nyaya mbili kwenye moyo wa mbwa. Nyaya hizo zilitoka kwenye kifaa kidogo cha kuendesha mapigo, yaani betri ya moyo, alichokiunda mhandisi Wilson Greatbatch, na moyo ukaanza kufuata mwendo wa kifaa. Saa nne hivi baadaye majimaji ya mwili yalipenya ndani na kazi ikaishia hapo. Oktoba 8 mwaka huohuo, nchini Sweden, daktari Åke Senning alimpandikizia Arne Larsson kifaa cha mhandisi Rune Elmqvist. Larsson aliishi hadi 2001, akiwa amebadilishiwa vifaa zaidi ya ishirini. Mbwa mgonjwa, yaani yule wa kuwekewa kifaa kwa faida yake mwenyewe na si kwa majaribio, alingoja hadi 1967, pale James Buchanan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipomhudumia wa kwanza.

Nimeanza na tarehe hizo kwa sababu kila nikitaja mada ya kumwekea mbwa betri ya moyo ya marehemu hukutana na swali moja, na mara nyingi huja na kicheko: watu wanakufa kwa kukosa betri ya moyo, nanyi mnataka kumpa mbwa? Swali ni halali. Nitalijibu, ila kwanza tumwone mgonjwa mwenyewe.

Mgonjwa

Tusidanganyane: mbwa wengi wenye maradhi ya moyo hawahitaji kifaa hiki. Wengi wana valvu iliyochakaa baina ya chemba za kushoto, hasa mbwa wadogo waliozeeka. Wengine, hasa wa miraba minne, wana misuli ya moyo iliyolegea na kutanuka. Hao ni wa vidonge. Betri ya moyo ni ya yule ambaye umeme wa moyo wake umekatika njiani. Chemba za juu zinatoa amri, za chini hazisikii, nazo zinajipigia kwa mwendo wao wa polepole. Mbwa ambaye angepaswa kuwa na mapigo 60 hadi 140 kwa dakika akiwa ametulia, unamkuta na 40 au pungufu. Mwenye mbwa atakuambia, "Daktari, anaanguka akikimbilia geti, kisha anainuka kama hakuna kitu." Wengi wetu tumewahi kuandika kifafa kwenye kadi ya mbwa wa namna hiyo bila kumhesabia mapigo. Mimi nimo.

Dawa humsaidia kidogo au hazimsaidii kabisa. Upasuaji wenyewe si wa kutisha kama unavyosikika: mbwa hupigwa nusu kaputi, waya hupitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo hadi chemba ya chini ya kulia, na betri hulazwa chini ya ngozi ya shingo. Hatari kubwa ni nusu kaputi, maana moyo uliochoka unaweza kusimama kabla waya haujafika. Tangu siku hiyo mbwa huyo havalishwi ukanda wa shingoni. Anafungwa mikanda ya kifuani. Damu yake nayo haitolewi tena shingoni.

Miaka iliyobaki ndani ya betri

Kifaa kipya ni cha maelfu ya dola, na hakuna kiwanda kikubwa kinachotengeneza kwa ajili ya mbwa. Kwa hiyo tangu mwanzo madaktari wa wanyama wa Marekani wametegemea vya binadamu: vilivyopitwa na muda ghalani, na vilivyotolewa kwa marehemu. Kifaa kikishatolewa husafishwa, hupimwa chaji kwa mashine ya programu ya mtengenezaji wake, kisha husafishwa vijidudu kwa gesi ya oksidi ya ethilini, kwa sababu joto la mvuke lingeua betri na saketi. Waya wa marehemu hautumiki, unawekwa mwingine. Taarifa za mwenye kifaa zilizomo kwenye kumbukumbu yake nazo lazima zifutwe, jambo ambalo mtu husahau akiwa na haraka.

Hapa ndipo penye jibu la lile swali la kicheko. Mradi wa Chuo Kikuu cha Michigan, unaokusanya vifaa hivi kwa ajili ya wagonjwa wa nchi maskini, hutaka betri iliyobakiwa na angalau miaka minne hivi. Chini ya hapo kifaa huwekwa kando, na kwa haki kabisa: nani atamfungua mama wa miaka 50 leo, kisha amfungue tena keshokutwa? Lakini mbwa anayefikia hatua hii mara nyingi ameshazeeka. Katika uchunguzi wa mbwa 154 wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, asilimia 70 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, 45 baada ya miaka mitatu na 39 baada ya mitano. Betri ya miaka mitatu ambayo kwa binadamu ni makombo, kwa wengi wa mbwa hao ni umri wote uliobaki. Uchunguzi huohuo unasema pia kwamba zaidi ya nusu ya mbwa walipata matatizo ya aina fulani, makubwa na madogo, hivyo asije mtu akamwahidi mwenye mbwa muujiza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: binadamu kwanza, bila mjadala. Ushahidi kwamba kifaa kilichotumika kinamfaa binadamu umeshakomaa. Mwaka 2020 wataalamu walitoa matokeo ya wagonjwa 1,051 wa Mexico na Amerika ya Kati na Karibi, ambapo maambukizi yalikuwa asilimia 2.0 dhidi ya 1.2 kwa wenye vifaa vipya. Mwaka 2024 mradi wa Michigan ulitoa matokeo ya majaribio katika nchi saba, Kenya ikiwamo, kwa wagonjwa 298, na vifaa vya zamani havikuzidiwa na vipya. Ndani ya Marekani kwenyewe kifaa kilichotumika hakiruhusiwi kuwekwa kwa mtu mwingine. Mbwa apate kile ambacho binadamu hawezi tena kupewa. Foleni ya mgonjwa wa Nairobi au Dar es Salaam haisogei nyuma hata hatua moja.

Ruhusa

Mshindani wa mbwa, basi, ni kaburi na tanuru. Kifaa kinachozikwa hakimfai yeyote. Kinachochomwa ni hatari: Uingereza iliripoti mlipuko wa kwanza ndani ya tanuru la kuchomea maiti mwaka 1976, na tangu hapo huko kifaa lazima kitolewe kwanza. Matanuru ya jumuiya za Kihindu katika miji yetu yanahusika na tahadhari hiyohiyo. Anayekitoa mwilini naye awe macho: kile chenye uwezo wa kupiga shoti ya kuushtua moyo kizimwe kabla ya kuguswa.

Kikishatolewa, ni cha nani? Sikubali jibu la kwamba ni taka za hospitali. Kilikaa ndani ya mwili wa mtu, na familia ina haki ya kuulizwa, tena ielezwe wazi kwamba huenda kikaishia kwa mbwa. Wapo watakaoona ni tusi, hasa katika familia ambazo kwao mbwa ni najisi, na wakikataa, mazungumzo yaishe hapo.

Ila kumuuliza mfiwa mlangoni mwa mochwari ni ukatili. Ninachoomba kwa wenzangu wa hospitali mlioko katika semina hii ni mstari mmoja kwenye fomu anayotia saini mgonjwa siku anapowekewa betri: nikifa, kifaa changu kizikwe nami, au apewe mtu mwingine, au mnyama. Atie alama mwenyewe, akiwa hai na akili zake timamu.