Hotuba ya Mahafali: Kitabu cha Kwanza cha Mtunzi wa Programu za Simu



Mhitimu anayerejea Mutomo au Kibwezi akiwa na azma ya kutunga programu za simu hukabiliwa mapema na uchaguzi wa kitabu cha kujifunzia, na jambo la kwanza linalostahili kutazamwa ni mwaka wa kuchapishwa. Android, mfumo endeshi unaosimamia shughuli za simu nyingi nchini Kenya, ilifundishwa kwa miaka mingi kwa lugha ya Java, hadi Google ilipoidhinisha lugha nyingine, Kotlin, mwaka 2017 na kuipa kipaumbele mwaka 2019. Kitabu cha mwaka 2015, hata kikiwa cha bingwa, humfundisha mwanagenzi kutumia AsyncTask, njia ya kutekeleza kazi ndefu bila kuikwamisha skrini, ambayo iliachwa rasmi mwaka 2020. Naye akiona kompyuta ikimwonya kila anapofuata maelekezo, huweza kudhani kwamba kasoro ni ya akili yake, ilhali ni ya kitabu. Kijana kukata tamaa kwa sababu hiyo ni hasara inayouma.

Upya pekee, hata hivyo, hautoshi. Kotlin in Action, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2017 na Dmitry Jemerov na Svetlana Isakova, kinasifiwa kwa haki, lakini kiliwakusudia wasomaji wanaoifahamu Java tayari, hivyo asiyejua kitanzi, yaani amri inayorudiwa hadi sharti fulani litimie, atapotea katika kurasa za mwanzo. Huyo anafaa kuanza na kitabu cha misingi, kama vile Think Python cha Allen Downey, ambacho kwa kuwa kinapatikana bila malipo mtandaoni, huweza kupakuliwa mara moja chuoni na kusomwa kijijini bila kununua data. Lugha yake, Python, si ile ya Android, lakini masharti na vitanzi vyake huhamia Kotlin vikibadilika sura tu. Mambo yasiyotulia, kama namna ya kupanga vitufe kwenye skrini, ni heri yatafutwe katika mafunzo rasmi ya Google.

Kitabu kikishachaguliwa, hupimwa kwa kazi ya mkono. Msomaji akimaliza sura, akifunge na kujaribu kuandika programu ya mkulima wa ndengu wa Kitui au wa maembe wa Makueni, inayohifadhi kilo zilizouzwa, bei na deni la mnunuzi. Na ikiwa baada ya sura kadhaa bado hawezi kujumlisha hata kilo hizo, hana sababu ya kuona aibu kukiweka kando na kutafuta kingine kinachomfaa.