Mlango Usiotumika Ufungwe



Kumbukumbu nyingi za wananchi siku hizi zimo ndani ya seva. Katika seva za Dell PowerEdge, ukibonyeza F2 mashine inapowaka, programu ya mipangilio hufunguka. Kwenye sehemu ya prosesa, washa uwezo wa kuendesha seva kadhaa ndani ya moja endapo kazi yahitaji hivyo. Kwenye vifaa vilivyojengewa ndani, zima matundu ya USB yasiyotumika: mwenye flashi mfukoni aweza kuondoka na siri za watu. Kabla ya kubadili lolote, andika daftarini hali ya awali. Mwisho, weka nenosiri, ama sivyo mwingine atafungua ulichofunga. Hiyo ndiyo dhamana yetu.