Hotuba ya Mwenyekiti: Chakula cha Mama Anayenyonyesha

Miaka 10 siyo mchezo. Mahesabu atayasoma Mtunza Hazina. Mimi nimeomba niseme jambo moja lililotugusa humu kikundini.

Desturi yetu mnaijua. Mwanachama akijifungua tunakwenda na mtori, loshoro na maziwa. Huku kwetu Meru mzazi asipopewa maziwa watu watauliza kulikoni. Sasa mwenzetu mmoja alijifungua, mtoto akatoka vipele, analia usiku kucha, choo kina utelezi na damu. Maneno yakaanza: mtoto kabemendwa. Mume akanuna. Wengine wakamwambia aache kunyonyesha, ati maziwa yake mabaya.

Hospitali walimpima mtoto kwanza kama ni kuhara damu, maana damu kwenye choo siyo kitu cha kukisia nyumbani. Haikuwa hiyo. Daktari akaeleza kwamba protini ya maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama hupita kidogo kwenye maziwa yake, na wako watoto wachache ambao miili yao inaikataa. Hiyo ni aleji, au mzio. Hakuna aliyembemenda mtu hapo.

Akaambiwa aendelee kunyonyesha, ila aache maziwa ya ng'ombe kwa wiki 2 hadi 4. Na mtindi ni maziwa jamani, na siagi, na chai ya maziwa, na hiyo loshoro yetu. Kuchemsha hakusaidii. Ya mbuzi nayo hapana, protini yake inafanana na ya ng'ombe. Mtoto akatulia. Kisha mama akayajaribu tena kama alivyoelekezwa, damu ikarudi. Hapo ndipo ilipojulikana kwa hakika.

Taabu ikawa chakula. Mama ana ng'ombe wawili bandani, na tone hanywi! Kikao kikakubali mfuko wa jamii ununue dagaa, wale wa kuliwa na mifupa yake, pamoja na maharage. Mchicha tulichuma wenyewe. Mtori ukapikwa kwa nyama, bila maziwa wala siagi. Wako walionung'unika kwamba mfuko ni wa misiba. Niliwajibu siku ile, na leo narudia: tungoje msiba ndipo tutoe?

Ila msikurupuke. Mtoto kulia tu, au kucheua, siyo lazima iwe aleji. Nimesikia mama kaacha maziwa, mayai, karanga, samaki na maharage kwa mpigo. Huyo atadhoofu bure. Ukiwa na wasiwasi nenda kliniki kwanza, wakuambie uache kipi na kwa muda gani.

Mtoto wetu alipopita mwaka alijaribiwa tena chini ya daktari, na sasa anakunywa. Wengi hupona wakikua. Na yale maziwa ya ng'ombe wawili mama aliyauza, mkopo wake ukaisha kabla ya muda.

Namkaribisha Mtunza Hazina.