Jengo Halikimbii: Juu ya Picha za Majengo za Zamani



Niliombwa nizungumze jambo lisilo la ofisini. Nimechagua picha za majengo, lakini ofisi haikwepeki, maana habari yenyewe inaanzia serikalini.

Mwaka 1851 tume ya serikali ya Ufaransa iliyosimamia majengo ya kale iliwatuma wapigapicha watano wazunguke nchi, ili ijulikane yapi yatengenezwe. Kamera za siku hizo zilihitaji muda mrefu wa mwanga. Mtu akipita mbele hata kivuli chake hakibaki. Jengo halikimbii. Mmoja wao, Baldus, alikuta ua wa kanisa la Saint-Trophime huko Arles ni mwembamba, picha moja haiubebi. Akaupiga vipande vipande, akaviunganisha, na penye mshono akapaka kwa mkono. Picha za msafara ule ziliishia makabatini bila kuchapishwa. Sisi watumishi wa serikali hatushangai.

Anayenivutia zaidi ni Frederick Evans, muuza vitabu wa London, ambaye hakupenda kuipakapaka picha. Mwaka 1903, katika kanisa kuu la Wells, alipiga ngazi za mawe akaiita picha hiyo Bahari ya Vidato. Itazameni polepole. Vidato vimelika katikati kwa nyayo za karne nyingi, vinapanda kama mawimbi, kisha vinajipinda kuelekea kulia. Peke yake mawimbi hayo yangemtia mtu kizunguzungu. Lakini pembeni zimesimama nguzo, zimenyooka wima, nazo ndizo zinazolishika jicho lisianguke. Juu kabisa uko mlango, na jicho linataka kupanda kuufikia. Hamna mtu hata mmoja pichani, ila miguu ya watu mnaiona.

Vijana mtauliza, faida yake nini? Nawapeni Beit al Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883 zama za Seyyid Barghash. Katika picha za kabla ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, mnara umesimama peke yake mbele ya jumba; katika za baadaye, mnara wa saa umo katika jumba lenyewe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka pamoja na mnara huo, na watu wawili wakafa. Fundi anayetaka kuirudisha nguzo mahali pake aweza kuipima katika picha iliyopigwa kamera ikiwa imenyooka. Iliyopigwa kwa kuielekeza kamera juu huonyesha nguzo zinazolaliana, na vipimo vyake haviaminiki.

Bwalo letu nalo lina nyufa, mmeziona. Kabla mafundi hawajaligusa, nendeni mlipige picha asubuhi, jua likiwa la ubavuni ili matofali yajitokeze. Simameni mbali, kamera isiinamishwe, na msijipange mbele yake.