Mtu, Mali na Mashahidi: Usalama katika Kununua na Kuuza kwa Matangazo ya Mtandaoni

Mada iliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata



Katika mnada wa mifugo, mnunuzi wa ng'ombe hufanya mambo matatu kabla ya kutoa fedha. Humtazama muuzaji na kumuuliza anatoka kijiji gani na ni wa nyumba ya nani. Humkagua mnyama meno, kwato, macho na mwendo. Kisha hulipa mbele ya watu, ili pakizuka mgogoro kesho wawepo wa kueleza yaliyotokea. Utaratibu huo haukufundishwa darasani. Umerithiwa kwa wazee, na umedumu kwa sababu umelinda mali za watu.

Tangazo la mtandaoni huyaondoa yote matatu kwa pamoja. Muuzaji hubaki jina na picha, vitu ambavyo mtu yeyote anaweza kuvibandika. Mali nayo ni picha, na huenda imenakiliwa kutoka kwenye tangazo la mtu mwingine. Mashahidi hawapo, kwa kuwa mazungumzo yamo ndani ya simu mbili tu. Kinachosalia ni bei nzuri, pamoja na fedha inayoweza kuvuka nchi nzima kwa sekunde chache.

Mada hii haiwakatazi wakazi kutumia njia hiyo. Kupitia Facebook, Instagram, makundi ya WhatsApp na tovuti za matangazo, mkulima hupata mnunuzi wa mahindi asiyemfahamu, fundi hupata mashine iliyotumika kwa bei anayoimudu, na familia inayohama huuza kabati na kitanda bila kulipa dalali. Soko limefika hadi vitongojini, na hilo ni jema. Linalotakiwa ni kuyarudisha yale matatu, yaani mtu, mali na mashahidi, kabla fedha haijaondoka.

Kinachoweza kupotea

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Tuseme kikundi cha wanawake kimepata mkopo huo na kinatafuta vyerehani. Tangazo linaonekana: vyerehani vipya, bei ni nusu ya ile ya madukani. Muuzaji anasema yuko Kariakoo, wateja ni wengi, na basi la jioni linakaribia kuondoka. Anaomba nusu ya malipo ili mzigo upakiwe. Fedha inatumwa. Baada ya muda inaletwa picha ya risiti ya kusafirishia mzigo, pamoja na ombi la nusu iliyobaki. Asubuhi basi linafika bila mzigo wowote, na namba ya muuzaji haipatikani tena.

Marejesho ya mkopo hayasimami kwa sababu hiyo. Kila mwezi wanakikundi watatakiwa kulipia vyerehani ambavyo hawajawahi kuvigusa, na aliyetuma fedha kwa simu yake ataanza kutazamwa kwa jicho la mashaka na wenzake. Tapeli mmoja aliye mbali anaweza hivyo kuvunja kikundi kilichochukua miaka kujengeka.

Kosa katika mfano huo si kuamini. Biashara haiendi bila kuaminiana, na wafanyabiashara wamekuwa wakipeana mali kauli kwa muda mrefu: mzigo huchukuliwa leo, malipo hufuata baadaye. Lakini mali kauli hupewa mtu ambaye duka lake, ndugu zake na mwenendo wake vinajulikana. Anayemtangulizia fedha mtu wa kwenye tangazo humpa asiyemjua heshima ambayo mfanyabiashara humpa mteja wake wa miaka mingi.

Kumjua mtu

Hatua ya kwanza ni kutafuta kama nyuma ya tangazo kuna mtu anayepatikana. Muuzaji wa kweli hutaja mahali alipo, hupokea simu, na hakasiriki akiulizwa maswali. Tapeli hupenda maandishi kuliko sauti, hubadilisha maelezo, na kila mara ana sababu ya kutoonekana: amesafiri, anauguza, au amehamishwa kikazi ghafla.

Wakati wa kutuma fedha kwa simu, jina la mpokeaji huonekana kabla ya mtumaji kuthibitisha muamala. Jina hilo lisomwe kwa makini. Likitofautiana na la muuzaji, muamala usitishwe mara moja, hata kama maelezo ni kwamba laini ni ya mke, ya mdogo wake au ya mhasibu. Hata hivyo, majina kulingana si uthibitisho kamili, kwa kuwa baadhi ya laini husajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua. Kwa sababu hiyo kila mkazi anashauriwa kupiga *106# ili kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa. Akikuta asiyoitambua, aende kwa mtoa huduma ikaondolewe. Anayesajili laini mtaani naye asikubali kuweka kidole mara ya pili na ya tatu bila kupewa sababu ya kueleweka.

Mali ikiwa iko mbali, dawa ya zamani bado inafanya kazi: atumwe ndugu. Karibu kila familia ina mtu Dar es Salaam, Mwanza, Arusha au Mbeya. Nauli ya daladala ya ndugu huyo kwenda kuiona mali kwa macho ni ndogo sana ikilinganishwa na hasara. Akikosekana wa kutuma, malipo yafanyike baada ya mzigo kupokelewa na kukaguliwa. Risiti ya basi iliyotumwa kama picha isihesabiwe kuwa mzigo. Ipigwe simu ofisi ya basi husika, kwa namba iliyotafutwa na mnunuzi mwenyewe, si ile aliyopewa na muuzaji.

Kuikagua mali

Kiswahili kina onyo dhidi ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mtandao una magunia mengi. Bei iliyo chini mno kuliko ya sokoni ni dalili ya hatari: ama mali haipo, ama ni mbovu, ama ni ya wizi. Mali ya wizi ina hatari yake ya pekee. Kwa kanuni ya jumla ya sheria ya mauziano, mtu hawezi kuuza umiliki asiokuwa nao. Mwenye mali akijitokeza, mnunuzi anaweza kunyang'anywa kitu na asirudishiwe fedha, na huenda akatakiwa kueleza polisi namna alivyokipata.

Kila aina ya mali ina ukaguzi wake. Simu ya mkononi iwashwe, ijaribiwe kupiga, kisha ibonyezwe *#06# ili namba ya utambulisho wake ionekane. Namba hiyo ikitumwa kwa ujumbe kwenda 15090, majibu huonesha kama simu ni halisi. Risiti ya awali idaiwe pia. Kwa pikipiki, namba ya fremu na ya injini zilinganishwe na zilizoandikwa kwenye kadi, na jina la kwenye kadi lilinganishwe na kitambulisho cha anayeuza. Umiliki ubadilishwe Mamlaka ya Mapato, kwa sababu anayekabidhiwa kadi yenye jina la mwingine amenunua chombo na mashaka yake.

Mifugo inayosafirishwa huhitaji kibali, na afisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa kabla ya malipo. Kuhusu ardhi, picha ya kiwanja chenye mawe ya mipaka haimtambulishi mwenye kiwanja. Kiwanja kilichopimwa kihakikiwe ofisi ya ardhi ya halmashauri. Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa makubaliano ya watu wawili pekee, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huitaka halmashauri ya kijiji iidhinishe uhamisho. Majirani wa eneo nao waulizwe, maana mara nyingi wao ndio hujua kama kiwanja kimeshauzwa kwa watu wengine.

Kuwarudisha mashahidi

Makabidhiano yafanyike mchana, mahali penye watu, na kila upande uwe na mwenzake. Uwanja wa mbele wa kituo cha polisi au wa ofisi ya mtendaji ni mahali pazuri, na atakayekataa kufika hapo amejitambulisha mwenyewe. Mnunuzi wa kitu cha thamani asitembee na fedha taslimu nyingi. Muuzaji wa pikipiki asimruhusu mgeni kuijaribu peke yake, kwa maana wapo walioondoka kwenda kuijaribu na hawajarudi.

Kwa mali ya thamani kubwa, hati ya mauziano iandikwe na isainiwe mbele ya mashahidi. Iwe na majina kamili, namba za vitambulisho, maelezo ya mali, kiasi kilicholipwa na tarehe. Karatasi hiyo moja ina nguvu kuliko mazungumzo ya simu yanayoweza kufutwa.

Muuzaji naye ana hatari zake

Wengi hudhani anayeibiwa ni mnunuzi tu. Muuzaji hutegwa kwa ujumbe wa malipo wa kughushi. Simu inalia, maandishi yanafanana na ya mtandao wa fedha, na mnunuzi anasema amekwisha kulipa na bodaboda wake yuko nje anasubiri mzigo. Muuzaji aache kutazama ujumbe na aangalie salio lake mwenyewe. Salio lisipoongezeka, hakuna malipo yaliyofanyika. Hali ni hiyo hiyo kwa anayedai ametuma fedha nyingi kwa makosa na kuomba ziada irudishwe haraka. Fedha iliyokosewa hurekebishwa na mtoa huduma, si na muuzaji kwa huruma yake.

Namba ya siri haiombwi na mnunuzi, wala na mtoa huduma. Simu halali kutoka huduma kwa wateja hutoka namba 100. Picha ya kitambulisho cha Taifa nayo isitumwe ovyo kwa watu wa kwenye matangazo, kwa kuwa taarifa binafsi zikishavuja, huweza kutumiwa kuwatapeli wengine kwa jina la mwenye kitambulisho.

Inapotokea hasara

Saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Aliyetapeliwa apige 100 mara moja na kueleza muamala, maana fedha ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha huwa vigumu sana. Asifute chochote. Ujumbe, picha za tangazo, namba za simu na kumbukumbu namba ya muamala vyote ni ushahidi. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda 15040, kisha itajwe namba iliyoutuma, ili hatua zichukuliwe dhidi ya laini hiyo. Baada ya hapo taarifa ifikishwe kituo cha polisi au kwa Polisi Kata, na mlalamikaji aondoke na namba ya taarifa, inayojulikana kwa wengi kama RB. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na udanganyifu wa kutumia kompyuta au simu umewekewa makosa yake katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kinachowazuia wengi kufika kituoni ni aibu. Mtu mzima, pengine mwalimu, mchungaji au shehe, huona afadhali apoteze fedha kuliko kuonekana mjinga. Ukimya huo humlinda tapeli, ambaye kesho humpigia jirani kwa maneno yale yale. Aliyetapeliwa ametendewa kosa, hakulitenda. Akisimulia kwenye kikundi, msikitini, kanisani au kijiweni, huenda akaokoa ada ya shule ya mtoto wa mwingine.

Familia nazo zina wajibu. Vijana huyafahamu matangazo kuliko wazazi wao, na wazazi huwafahamu watu kuliko vijana wao. Nyumba ambayo hakuna anayetuma fedha kubwa kabla ya kumwambia mwenzake imejipatia shahidi wa kwanza bila gharama. Ikiwa muuzaji anasisitiza kwamba jambo lisisemwe kwa mtu mwingine, au kwamba nafasi itapotea baada ya nusu saa, hiyo pekee ni sababu ya kutosha kuliacha. Cherehani kingine kitatangazwa kesho.

Kwa maswali kuhusu ardhi, mifugo au mikopo ya vikundi, wakazi wanakaribishwa ofisi ya mtendaji wa kata kabla ya kulipa. Kuuliza huko hakuna malipo.