Tuwafuate Watoto Nyumbani

Leo tunamkumbuka Profesa George Magoha, aliyefariki Januari 2023. Alikuwa daktari wa upasuaji, akaongoza Chuo Kikuu cha Nairobi 2005 hadi 2015, akapambana na wizi wa mitihani Kenya kuanzia 2016, kisha akawa Waziri wa Elimu 2019 hadi 2022. Ulimi wake ulikuwa mkali, na wapo aliowaumiza. Lakini watoto waliokosa kuripoti kidato cha kwanza aliwafuata hadi mitaa ya mabanda ya Nairobi.

Sisi hungoja fomu za msaada ziletwe ofisini. Asiye na karo mara nyingi hana hata nauli ya kuja kuomba. Muhula ujao twendeni nyumba kwa nyumba.