Samaki wa Maji Baridi: Kazi ya Rosemary Lowe-McConnell na Mito ya Kwale



Hapa Galu mtoto wa miaka kumi huwajua tafi, changu na pono kabla hawajatolewa wavuni. Mwulize samaki wa mto Mkurumudzi au wa Ramisi, atakujibu tilapia na kambare, basi. Mada yangu inamhusu mwanasayansi aliyetumia maisha yake kuonyesha kwamba ndani ya jina hilo moja la tilapia mna samaki wengi, na kwamba asiyewatofautisha huwapoteza bila kujua.

Rosemary Lowe alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1921. Alianza na mikunga wa maji baridi wanaoteremka kwenda baharini kuzaa. Mwaka 1945 akapelekwa Ziwa Nyasa kuchunguza uvuvi wa chambo, ndilo jina la tilapia wa ziwa hilo. Chambo akishakufa na kutiwa kapuni hufanana mno na mwenziwe. Kwa hivyo Lowe aliwafuata walikokuwa wakizalia. Aliangalia rangi ya dume wakati wa uzazi, kina cha maji anapochimba kiota chake mchangani, na miezi ya mwaka anayofanya hivyo. Wengine wanazaa huku, wengine kule, na madume yao hayavai rangi moja. Samaki waliouzwa pamoja walikuwa spishi mbalimbali. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1952.

Niseme kidogo juu ya uzazi wenyewe, kwa kuwa ndio uliomwongoza. Jike wa jamii hii hutaga kiotani, kisha huyaokota mayai na kuyaatamia kinywani. Vifaranga wakianguliwa hukaa humo humo, na hata wakishaanza kutoka nje hurudi mbio mama akihisi hatari. Mvuvi akimpandisha jike wa namna hiyo chomboni, mayai au vifaranga humwagika kutoka mdomoni. Kwa mvuvi ni jambo la kila siku. Kwa mtafiti ni habari tosha: samaki huyu anazaa, mwezi huu, na ukubwa wake ni huu. Kutokana na habari kama hizo ndipo mtu anaweza kupima matundu ya nyavu yawe mapana kiasi gani.

Kutoka Nyasa alihamia Jinja, katika shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki, akazunguka maziwa na mito ya ukanda huu. Mwaka 1953 aliolewa na mwanajiolojia Richard McConnell, na sheria ya utumishi wa kikoloni ikamlazimu kuacha kazi kwa sababu tu ameolewa. Ilikuwa dhuluma, na hasara yake iliangukia maziwa yetu pia. Hata hivyo hakuacha sayansi. Mwaka 1955 alichapisha maelezo ya spishi mpya kutoka Ziwa Jipe na mto Pangani, mmojawapo akiitwa kwa jina la Korogwe. Baadaye alichunguza samaki wa Guyana, akaandika vitabu vikubwa mwaka 1975 na 1987, na mwaka 1997 akatunukiwa nishani ya Linnean. Alifariki mwaka 2014. Yule samaki wa Jipe leo yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Samaki hupoteaje? Nawaombeni tutazame Ziwa Naivasha. Mwaka 1925 alipandikizwa humo Oreochromis spilurus, tilapia wa asili wa mto Athi na mito ya pwani ya Kenya. Mwaka 1956 akaletwa jamaa yake, Oreochromis leucostictus. Wakazaana wao kwa wao, machotara wakajaa, na miaka ya mwanzo ya 1970 yule wa kwanza akawa hayuko tena. Hakuna aliyemwaga sumu. Walichanganywa tu.

Ndiyo maana sina raha ninapoona mabwawa ya kufugia sato, naye ni tilapia, yakichimbwa karibu na vijito. Ufugaji wenyewe nauunga mkono, kwani familia zinahitaji kitoweo na kipato. Ila bwawa lililo kando ya mto hufurika masika, na sato akishaingia mtoni hakuna wavu wa kumrudisha.

Na si tilapia peke yake. Katika vidimbwi vya mvua vya pwani hii ya kusini yupo Nothobranchius palmqvisti, samaki mdogo asiyezidi kidole. Dume ana mkia mwekundu na magamba yenye nakshi kama wavu. Jike hana urembo wowote. Kidimbwi kikikauka wazazi wote hufa, na mayai hubaki ndani ya tope kavu yakingoja mvua. Kidimbwi kinachofukiwa kiangazi kwa kudhaniwa hakina kitu kinaweza kuwa kimejaa mayai.

Napendekeza shule na vikundi vya wavuvi waanze kuweka daftari la vijito na vidimbwi: tarehe, kina cha maji, picha ya dume akiwa na rangi zake za uzazi, na majike wenye mayai kinywani. Na kabla mfugaji hajapewa vifaranga, afisa wa uvuvi afike kwanza shambani, aangalie maji ya bwawa yatatokea wapi siku ya mafuriko.